"Step down": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maana yake na matumizi yake

Hapa Lubumbashi, Kongo, Kiingereza kinatuingilia kwa milango miwili: barabara ya Kasumbalesa inayokwenda Zambia, na ofisi za migodi, ambako barua nyingi siku hizi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, Kifaransa kikafuata, na Kiswahili kikaachiwa mdomo. Jioni nafundisha Kiingereza katika komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, mchana natafsiri barua na matangazo. Hakuna neno ninaloulizwa zaidi kuliko "step down". Maswali yafuatayo nimeyapata kwa wanafunzi, madereva, makarani na wazee wa kanisa, na mengi yamerudi zaidi ya mara kumi. Pale jibu moja linapotegemea jingine, nimekuelekeza huko.

## Maana yenyewe

"Step down" ni kufanya nini?

Ni kuondoka katika cheo au kiti cha madaraka. Ukilichukua neno kwa neno, ni kuteremka hatua moja, kama mtu anayetoka jukwaani. Lakini msomaji wa Kiingereza hawazi tena miguu wala ngazi. Anawaza mwenyekiti, mkurugenzi, waziri, mweka hazina au kapteni wa timu aliyeiacha nafasi yake.

Shika mambo mawili. Katika sentensi, anayeondoka ndiye mtendaji: yeye "steps down", habebwi na mtu. Halafu neno lenyewe halisemi sababu. Limekaa kimya kabisa kuhusu aliyesukuma, kama yupo, na kimya hicho ndicho kinachozaa karibu makosa yote ya tafsiri ninayoyaona.

Kwa Kiswahili tuseme nini?

Neno la kawaida ni *kujiuzulu*. Kumuuzulu mtu ni kumwondoa madarakani. Ukiongeza "ji", mtu amejiondoa mwenyewe. Kwa barua na tangazo rasmi linatosha.

Kuna *kung'atuka*, lililopata umaarufu Julius Nyerere alipouacha urais wa Tanzania mwaka 1985. Lina heshima ndani yake: mtu mzima amekaa, ameona imetosha, ameinuka. Watangazaji wa Afrika Mashariki hupenda *kuachia ngazi*, ambalo kwa picha ndilo jirani wa karibu zaidi wa "step down". *Kubwaga manyanga* lina harufu ya kuchoka au kushindwa, kwa hiyo usilitie katika tafsiri ya tangazo la kampuni.

Mitaani kwetu mtu atasema tu "aliacha kiti" au "alitoa *démission*". Yote mawili yanaeleweka Katuba hadi Ruashi. Mimi katika maandishi huandika "ameacha nafasi ya", kisha cheo, kwa sababu ndiyo tafsiri inayobaki kimya pale Kiingereza kilipobaki kimya.

Je, aliye-"step down" amefukuzwa?

Swali hili ndilo linalokuja kwanza siku zote: "Balimufukuza ao aliacha ye mwenyewe?" Jibu la kweli ni kwamba neno halikuambii. Huenda aliamua mwenyewe, huenda aliombwa kwa upole, huenda alipewa saa moja ya kuchagua kati ya kuandika barua na kuandikiwa.

Mifano ya siasa zetu inasaidia. Moïse Katumbi aliacha ugavana wa Katanga Septemba 2015 na kujitoa pia katika chama chake cha PPRD: "he stepped down as governor". Vital Kamerhe aliacha uspika wa Bunge la Taifa Machi 2009 baada ya chama chake mwenyewe kumbana kwa wiki kadhaa. Naye "stepped down", ingawa kila mtu aliona mikono iliyokuwa mgongoni mwake. Jeanine Mabunda hali yake ni nyingine: tarehe 10 Desemba 2020 wabunge walipiga kura, 281 kwa 200, akaondolewa uspika. Hapo "step down" ni kosa. Kiingereza kinataka "she was voted out" au "she was removed".

Sylvestre Ilunga Ilunkamba, ambaye hapa mjini tulimjua kama mkuu wa reli ya SNCC kabla hajawa waziri mkuu, anakaa katikati. Bunge lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali yake tarehe 27 Januari 2021, na siku mbili baadaye akajiuzulu. Katiba, kifungu cha 147, inasema hoja ikipita serikali huhesabiwa kuwa imejiuzulu, na waziri mkuu hupewa saa 24 kupeleka barua kwa rais. Kwa hiyo alijiuzulu, barua ipo, lakini mlango mwingine haukuwepo. Kiingereza hukubali "he stepped down after a no-confidence vote", na neno "after" ndilo linalobeba mzigo wote wa habari.

Hili naliandika kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilitafsiri tangazo la ukurasa mmoja lililobandikwa kwenye lango la kampuni fulani. Meneja mmoja "had stepped down", nami nikaandika "amefukuzwa", kwa kuwa ndivyo wafanyakazi walivyokuwa wakinong'ona. Mke wake aliisikia sokoni kabla mumewe hajarudi nyumbani. Kumbe yule bwana alikuwa ameomba mwenyewe kuondoka ili amuuguze mama yake Likasi. Tangazo lilibadilishwa kesho yake asubuhi, lakini mitaani habari ilikuwa imekwisha kulala mara moja.

Kifaransa chetu si kinatosha? Si ni "démissionner"?

Mara nyingi kinatosha. Ila *démissionner* hufungua macho kwenye barua, yaani kitendo cha kisheria cha kuvunja kazi, wakati "step down" hutazama kiti. Mtu anaweza ku-"step down" bila kuacha kazi kabisa, jambo ambalo *il a démissionné* likisimama peke yake halilionyeshi. Tazama swali linalofuata.

Aliye-"step down" ameondoka kabisa?

Si lazima, na hapa wengi huteleza. Angalia neno linalofuata "as". Nyerere aliacha urais mwaka 1985 lakini akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Bill Gates aliacha ukurugenzi mkuu wa Microsoft mwaka 2000, akaacha uenyekiti wa bodi mwaka 2014, akaondoka katika bodi yenyewe mwaka 2020. Mtu mmoja, kampuni moja, "stepped down" mara tatu, na kila mara kilichoachwa ni kitu tofauti.

Ukiona jina la cheo baada ya "as", tafsiri hicho cheo na usiongeze kingine.

## Ndugu zake na majirani zake

Kuna tofauti gani na "resign"?

"Resign" ni kitendo rasmi: kuna barua, kuna tarehe, kuna anayeipokea. Mlinzi wa usiku anaweza ku-"resign", waziri naye vilevile. "Step down" huhitaji kimo. Mtu hawezi kushuka kama hakuwa juu. Ukisema mlinzi "stepped down", msomaji atakwama. Lakini mlinzi huyohuyo akiwa mwenyekiti wa chama chao cha akiba na mkopo, uenyekiti anaweza ku-"step down" vizuri kabisa.

Mkubwa akiandika barua ya kujiuzulu, maneno yote mawili yanamfaa. Gazeti litapenda "step down" kwa kuwa ni fupi na laini, mwanasheria atapenda "resign".

Na "quit"?

Ni la mdomoni, na lina haraka ndani yake, pengine hasira. "I quit!" ni mtu aliyevua kofia ya usalama na kuiweka mezani. Usilitie katika barua.

"Retire" je?

Hilo ni kustaafu: umri, miaka ya utumishi, pensheni. Kiongozi mzee anaweza ku-"step down" kwa sababu anastaafu, na magazeti huchanganya maneno hayo mawili bila shida. Lakini kijana wa miaka 35 aliyeacha ukurugenzi ili aende kuanzisha biashara hajastaafu.

"Stand down", "step aside" na "step back" ni kitu kimoja na "step down"?

Zinafanana kwa sura tu.

"Stand down" kwa Waingereza ni sawa na "step down", na hutumika hasa kwa mbunge anayetangaza kwamba uchaguzi ujao hatagombea tena. Katika jeshi ni jambo jingine: ni amri ya kulegeza, askari waliokuwa tayari kupigana waambiwe wapumzike. Kwa hiyo ukisoma kwamba kikosi "was told to stand down", usiandike kwamba askari wamejiuzulu.

"Step aside" ni kukaa pembeni, mara nyingi kwa muda, uchunguzi upite. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kina kanuni inayoitwa hivyo: kiongozi aliyefunguliwa mashtaka hukaa kando hadi kesi iishe. Kiti kinabaki chake mpaka itakapoamuliwa vingine. Sisi tungesema amepisha.

"Step back" ni kupunguza: mtu yupo bado, ila haingii katika kila kikao.

Mfalme naye anaweza ku-"step down"?

Gazeti litaandika hivyo, lakini neno lenyewe la wafalme ni "abdicate". Albert II wa Ubelgiji aliacha kiti cha enzi Julai 2013 akamwachia mwanawe Philippe, na huko ndiko "abdicate" kunakokaa. Papa Benedikto XVI, aliyeondoka tarehe 28 Februari mwaka huohuo, aliandikwa zaidi "resigned" na "stepped down".

## Kulitumia katika sentensi

Baada ya "step down" niweke neno gani?

"As" ikifuatwa na cheo: "She stepped down as treasurer." Ameacha kazi ya mweka hazina. "From" ikifuatwa na chombo au nafasi: "He stepped down from the board." Ametoka katika bodi. "Over" huleta sababu, na karibu kila mara ni sababu mbaya: "He stepped down over the missing funds" ni kwamba pesa zilipotea na ndizo zilizomtoa. "In favour of" humtaja anayepewa nafasi.

Kuwa mwangalifu na "after". Inaeleza tu kwamba jambo moja lilitangulia jingine, ingawa mwandishi mara nyingi anataka uelewe kwamba lilisababisha. Mfasiri aandike "baada ya" na aishie hapo.

Naweza kusema "the board stepped him down"?

Hapana. Neno hili halina wa kutendwa. Sema "the board asked him to step down", bodi ilimwomba aondoke, au "he was forced to step down", alilazimishwa. Kifaransa cha mjini kina utani wa *on l'a démissionné*, yaani "walimjiuzulisha". Kiingereza sanifu hakina mlango huo kwa "step down".

Kichwa cha habari "Chairman steps down" kinasema ameondoka au ataondoka?

Vichwa vya habari vya Kiingereza hutumia wakati uliopo kwa jambo lililokwisha kutokea. Kwa hiyo "steps down" ni kwamba ameondoka au ametangaza sasa hivi. "To step down" ni kwamba ataondoka. Ndani ya habari utakuta tarehe, nayo huwa ndiyo muhimu: mtu anaweza kutangaza Januari na kuondoka Juni, na miezi yote hiyo saini yake bado ina nguvu. Niliwahi kumwona karani akirudisha hati kwa sababu "aliyesaini amekwisha kujiuzulu". Bado alikuwa ofisini, mlango wa tatu.

Katika mazungumzo, "he is stepping down in June" pia ni wakati ujao.

Matamshi yake?

"Stepped" ni silabi moja, na ile "-ed" ya mwisho inasikika kama "t": *stept daun*. Wanafunzi wangu hutamka "ste-ped". Usiongeze silabi.

Jina lake la kitendo ni lipi?

Kwa kuondoka madarakani, "a step-down" haisemwi. Tumia "resignation" au "departure", au "his stepping down" ukitaka kulibakiza neno.

## Kazini, penye mshahara

Nimepewa barua ya Kiingereza yenye "agreed to step down". Nisaini?

Usisaini siku hiyohiyo. Ipeleke nyumbani, isomwe na mtu anayejua lugha, kisha imfikie *délégué syndical* wako, yaani mjumbe wa wafanyakazi, au Inspection du Travail, ofisi ya ukaguzi wa kazi.

Papa mmoja, yaani mzee mmoja, msimamizi wa zamu katika mgodi nisioutaja, alinijia darasani saa mbili usiku. Karatasi aliikunja mara nne, imekaa siku mbili katika mfuko wa shati, jasho limeanza kula pembe zake. Mwenzake alikuwa amemsomea maneno mawili tu, "step down", akamwambia amefukuzwa. Papa alikwisha kumwambia mkewe wapunguze unga wa bukari, ugali wetu. Tuliisoma pamoja kidole kwa kidole. Ilisema yeye "has agreed to step down as Shift Supervisor with effect from 1 August and will continue in the Maintenance Department". Nikamwonyesha "as Shift Supervisor": kinachoachwa ni cheo. Nikamwonyesha "will continue": kazi inaendelea, idara nyingine. Alipumua. Ndipo nikamwonyesha "has agreed", yaani amekubali. Akanitazama. "Nilikubali wapi? Hakuna aliyeniuliza."

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Asubuhi alikwenda na mjumbe wao. Barua ya pili ilikuja wiki iliyofuata, "agreed" limeondolewa, na mshahara umetajwa kwa tarakimu, jambo ambalo ya kwanza haikufanya.

Kujiuzulu na kufukuzwa kuna tofauti gani ya pesa?

Kubwa. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kwa mkataba usio na kikomo inasema mwajiri anayevunja mkataba atoe notisi, ile tunayoiita *préavis*, isiyopungua siku 14 za kazi, na kwa kila mwaka mzima wa utumishi aongeze siku 7. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anadaiwa nusu ya hizo.

Fanya hesabu ya mtu mwenye miaka 4 kamili. Akiondolewa, ni 14 na 28, yaani siku 42 za kazi. Akiondoka mwenyewe, yeye ndiye anayepaswa kutoa notisi ya siku 21. Zaidi ya hapo, aliyeachishwa bila sababu halali anaweza kwenda kudai fidia mahakamani, na sheria imeweka ukomo wake katika mishahara ya miezi 36. Aliyesaini kwamba "aliamua" kuondoka amejifungia njia hiyo kwa mkono wake, au amejipa kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Ndiyo maana kila mara narudi kwenye kile kimya cha "step down". Gazetini ni adabu, lakini juu ya karatasi yenye nafasi ya saini yako kina bei.

Nataka kuacha kazi mwenyewe. Niandike "step down" katika barua?

Kwa ajira, andika "resign": "I hereby resign from my position as Storekeeper, with effect from 30 June." Ni kavu, na inafaa iwe kavu. Kwa kamati ya shule, kwaya au chama cha wazazi, "I would like to step down as secretary" ni nzuri na haimkwazi mtu.

"Acting" baada ya mkubwa ku-"step down" ni nani?

Ni anayekaimu, yule ambaye kwenye milango ya ofisi zetu huandikwa *a.i.*, kifupi cha *ad interim*, "kwa muda".

## Hali za pembeni

Muhula ukiisha, mtu ame-"step down"?

Kiingereza hukubali. Joseph Kabila alipomkabidhi Félix Tshisekedi urais tarehe 24 Januari 2019, magazeti ya Kiingereza yaliandika kwamba "stepped down", ingawa hakujiuzulu: alimpisha aliyetangazwa mshindi wa uchaguzi. Ukitafsiri habari kama hiyo, "kujiuzulu" ni kosa. Andika "aliondoka madarakani".

Aliyejitoa kwenye uchaguzi je?

Julai 2024 Joe Biden aliacha kugombea tena, na watu wengi hapa wakasema amejiuzulu. Aliendelea kuwa rais hadi tarehe 20 Januari 2025. Kilichoachwa ni kinyang'anyiro, na Kiingereza chake ni "he withdrew from the race".

Na aliyekimbia au kufia madarakani?

Mobutu alipoondoka Kinshasa Mei 1997 majeshi ya AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila, yalikuwa mlangoni. Huko ni "he fled", na "he was overthrown". Kwa Mzee Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa Januari 2001, ni "he was assassinated". "Step down" haigusi kifo hata kidogo.

Hakimu alimwambia shahidi "You may step down". Shahidi ana cheo gani?

Hana. Hapa neno limerudi kwenye miguu yake: teremka kizimbani, umemaliza.

Mbona fundi wa umeme naye analo?

"Step-down transformer" ni transfoma inayopunguza volti. Umeme wa bwawa la Inga husafiri kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi kwa volti kubwa sana, na kabla haujaingia kwenye balbu ya nyumbani lazima ushushwe hatua kwa hatua. Yule mtungi wa chuma juu ya nguzo mtaani kwako ndio hatua ya mwisho.

Nimesoma kwamba mchezaji wa Mazembe, timu yetu ya soka, "re-signed". Ameondoka?

Tazama kile kistari. "Resigned" bila kistari ni kujiuzulu, na "s" yake husikika kama "z". "Re-signed" yenye kistari ni kusaini tena, na hutamkwa *ri-saind*. Mchezaji wako amebaki.